Shamba la urithi rehani

Leo nimepita Broadway, katikati ya Fargo, North Dakota, nikasimama kuyatazama majengo ya zamani ya matofali. Doug Burgum, aliyekuwa gavana wetu, ana mkono wake katika kuufufua mtaa huu. Alipokuwa chuoni alisafisha mabomba ya moshi apate hela. Mwaka 1983 aliweka rehani shamba alilorithi, akatia dola 250,000 katika Great Plains, kampuni changa ya programu za uhasibu. Shamba la urithi, jamani! Sisi watoto wa wakulima tunajua uzito wake. Microsoft iliinunua 2001 kwa takriban dola bilioni 1.1. Mwaka 2016, bila kuwahi kushika cheo cha kuchaguliwa, alimbwaga mwanasheria mkuu wa jimbo kwenye mchujo wa chama cha Republican wa kuwania ugavana. Namheshimu kwa uthubutu huo.