Kitabu Kilicholiwa Pembe

Mwanangu alikuwa na miezi sita. Tulishamaliza kliniki, uzito uko sawa, chanjo keshachomwa, najiandaa kuondoka, daktari akaniuliza: "Mama, huwa unamsomea?"

Nikacheka. Mtoto hata kukaa bado anayumba, ataelewa nini? Daktari hakucheka. Akatoa kitabu cha kurasa ngumu, akampa mtoto, si mimi. Mtoto akakitia mdomoni moja kwa moja. "Ndivyo wanavyoanza," akasema.

Baadaye nikajua halikuwa wazo lake peke yake. Marekani, chama cha madaktari wa watoto kiliwataka madaktari mwaka 2014 wawahimize wazazi kuwasomea watoto kwa sauti tangu wakiwa wachanga, na mpango wa kugawa vitabu kliniki ulianzia Boston mwaka 1989. Kilichonigusa zaidi ni suala la maneno. Kutwa nzima mimi namwambia mwanangu "njoo", "acha", "utaanguka". Kitabuni kuna kasa, kuna mnara, kuna upinde wa mvua.

Wiki za mwanzo nilichemka. Nilisoma kama katibu anayesoma kumbukumbu za kikao, mwanzo hadi mwisho. Yeye anapokonya, anafunua kinyume, anajivuta zake. Kliniki iliyofuata nikalalamika. Daktari akaniuliza, "Nani kakutuma umalize?"

Basi nikaacha kumaliza. Nikawa nafuata kidole chake. Ukurasa wa bata tulikaa siku nne. "Bata yuko wapi?" nauliza, kisha nanyamaza. Hapo ndipo pagumu, kunyamaza. Mdomo unawasha kujibu kwa niaba yake. Siku moja, ana miezi kumi na tatu, akagonga picha kwa kidole: "Ba!" Baba yake mpaka leo anashikilia kuwa aliitwa yeye.

Huyo baba naye kusoma hapendi. Anatazama picha na kutunga yake, bata wake anaendesha lori. Mtoto hajali. Mimi simu naiacha chumba kingine, na nikichoka tunafunua kurasa mbili, tunalala.

Kitabu sasa pembe moja imeliwa na ukurasa wa bata umechomoka. Jioni anakileta mwenyewe, ananigeuzia mgongo, anarudi kinyumenyume mpaka anafika mapajani.