Kiambaza cha Belfast

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimeshinda na Waefeso 2:14 na niseme ukweli, neno limenibana.

Mnajua Jumamosi tunahama, tunatoka Dublin kwenda Belfast, baba watoto kapata kazi huko. Mpaka wenyewe hata huuoni, hakuna askari hakuna geti, unaona tu vibao vya spidi vimetoka kwenye kilomita vimekuwa maili ndo unajua umeshaingia Ireland ya Kaskazini. Mageti yako ndani ya mji. Tulipoenda kutafuta nyumba nikauona ukuta kati ya mtaa wa Falls kwa Wakatoliki na mtaa wa Shankill kwa Waprotestanti, zege, juu mabati, juu tena wavu, na mageti mengine usiku yanafungwa. Kuta kama hizo walianza kuzijenga 1969 wakisema za muda tu, yakaja mapatano ya amani ya Ijumaa Kuu 1998, bado zimesimama, na wanaziita kuta za amani!! Najua ugomvi haukuwa wa misa, ulikuwa wa nchi iwe chini ya Uingereza au Ireland iwe moja, ila jina la kanisa ndo likawa alama ya kumjua adui, na watu zaidi ya 3,500 wakafa. Pande zote mbili wanasali Baba Yetu.

Basi mimi mwezi mzima kazi ni kupiga simu, mtaa gani salama, bendera ile ya kina nani, ukingo wa barabara kupakwa rangi zile maana yake nini, binti yetu aende shule ya upande gani maana nyingi bado zimegawanyika hivyo hivyo, za mchanganyiko zipo ila chache. Juzi usiku nikagundua ule mji sijauombea hata siku moja. Nimeomba nyumba, nimeomba shule, nimeomba tusiguswe. Na Yeremia aliwaambia mateka wa Babeli wauombee mji ule, watu waliopelekwa kwa nguvu, mimi naenda kwa hiari na gari la mizigo nimelipia mwenyewe.

Paulo anasema Kristo alikibomoa kiambaza cha kati. Kiambaza kwetu ni fito na udongo, bibi yangu alikuwa anakikandika upya kila masika yakiisha, maana usipokandika kinaanguka chenyewe. Nikajiona na zile simu zangu, udongo mkononi, nakandika, na hata kuhamia sijahamia.

Jumamosi saa tatu asubuhi tutakuwa njiani. Naomba mtubebe kwenye maombi, lakini msituombee sisi tu, tajeni Falls na tajeni Shankill, zote kwa pumzi moja.