Maji machafu ya zulia unayamwaga wapi?

Nasafisha mazulia, ndiyo kazi yangu, na kuna swali moja natamani kila mteja angeniuliza hata kabla ya kuuliza bei: yale maji machafu utayapeleka wapi? Karibu hakuna anayeuliza. Watu wanaangalia zulia, doa limetoka, rangi imerudi, pananukia vizuri, basi kila mtu amefurahi na tangi la mashine iliyonyonya maji machafu linaenda kumwagwa pembeni ya barabara kwenye mtaro, tena mchana kweupe, na hakuna anayeshtuka kwa sababu eti ni maji ya sabuni tu.

Jamani, chukua chupa inayoonyesha ndani, chota maji kwenye tangi mara tu baada ya kumaliza chumba kimoja halafu uiache itulie mpaka kesho yake. Chini utakuta mchanga na udongo umekaa tabaka, juu zinaelea nywele na nyuzi za zulia zimesokotana, na katikati kuna maji ya kijivu ambayo hayataki kutulia kabisa. Hayo ya kijivu ndiyo yenye kesi, maana mchanga na nywele unaweza kuchuja, ila ule ukijivu ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni, vumbi laini mno, na kila kitu ambacho zulia limemeza kwa miaka. Na zulia linameza kweli, ngozi inayopukutika mwilini, mkojo wa paka na mbwa, dawa ya wadudu iliyopulizwa humo ndani, na kwenye nyumba za zamani zilizopakwa rangi yenye madini ya risasi, vumbi la risasi hiyo nalo limo. Mazulia mengi ni ya nailoni, poliesta au polipropilini, kwa hiyo nyuzi zinazokatika ni plastiki. Ya sufu nayo mara nyingi yanatiwa dawa ya kuzuia nondo, wale wadudu wanaokula sufu, inaitwa permethrini, ambayo kwa binadamu haina makali hivyo lakini kwa samaki na wadudu wa majini ni sumu kali hata ikiwa kidogo sana. Halafu kuna zile dawa za kuzuia madoa, nyingi kwa miaka mingi zilitengenezwa kwa kemikali za kundi la PFAS, hizo haziozi, zikishafika mtoni zimefika.

Bado hatujaweka za kwetu. Dawa tunayopulizia kabla ya kuosha ni alkali, nyingi zina pH (kipimo cha asidi na alkali, 7 ndiyo katikati) ya 9 hadi 11, zingine zinapanda zaidi ya hapo, na ya kusuuzia mara nyingi ni asidi. Zikikutana kwenye tangi zinapunguzana makali lakini hakuna anayekuhakikishia zitaishia wapi, ndio maana natembea na karatasi za kupimia pH, ni kitu kidogo, unachovya unaona rangi unajua umebeba nini.

Sasa tuje kwenye mtaro, hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Tundu la barabarani na tundu la chooni yote yanameza maji kwa hiyo mtu anaona yote ni mamoja tu, lakini mtaro wa maji ya mvua kazi yake ni kuondoa maji barabarani haraka na sehemu nyingi unaishia mtoni, ziwani au baharini moja kwa moja bila kupita mahali popote pa kusafishwa. Bomba la majitaka ndilo linaenda kwenye mitambo. Kuna miji ya zamani ambayo mabomba hayo mawili yameunganishwa, ila hata huko mvua kubwa ikipiga yanafurika na kumwaga kila kitu mtoni, kwa hiyo usijipe moyo.

Huko mtoni sabuni inatoa ule ute unaolinda mashavu ya samaki, wanashindwa kupumua vizuri. Bakteria nao wanaanza kula ule uchafu wetu, na wakila wanatumia oksijeni iliyomo majini, wanaobaki wanakosa hewa. Kama sabuni ina fosfeti, mwani unashamiri, na mwani ukifa unaoza na kunyonya oksijeni tena.

Hapo kuna mtu ataniambia yeye anatumia sabuni inayooza yenyewe, imeandikwa kwenye dumu. Sawa, ni vizuri, hata mimi nachagua hizo, lakini inaoza kwa muda gani? Kipimo kinachotumika sana kimataifa, OECD 301, kinaipa kemikali siku 28, na samaki aliye chini ya mtaro wako hana siku 28, yeye anaipata mbichi leoleo. Na hata sabuni ikioza, risasi na plastiki na dawa ya nondo havijaenda popote.

Kwa hiyo maji yanaenda chooni, au kwenye chemba iliyounganishwa na bomba la majitaka la mji, kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Choo ni bora kuliko sinki maana bomba lake ni pana, sinki lina kona ambayo nywele zinanasa na wiki ijayo mteja anakupigia simu. Chuja kwanza, kuna vikapu vya chujio vinavyokaa ndani ya tangi na kama mashine yako haina funga wavu laini kwenye mdomo wa mpira wa kumwagia, kinachobaki humo kikamue ukitupe na takataka kavu. Mwaga taratibu, usilazimishe, na ukimaliza safisha choo cha watu kiwe kisafi kuliko ulivyokikuta. Wenye mashine kubwa za kwenye gari zinazopampu zenyewe hakikisheni mpira umefungwa imara, maana ukichomoka bafu zima linaogelea kabla hujasikia.

Kingine, kumwaga kwenye bomba la majitaka hakumaanishi mwaga chochote. Marekani kwa mfano, ambako sheria kubwa ya maji safi ni ya mwaka 1972, kanuni zinakataza kuingiza kwenye mfumo wa umma kitu chenye pH chini ya 5, kwa sababu kinakula mabomba. Uingereza biashara inatakiwa iwe na kibali cha kampuni ya maji ndipo imwage maji ya kazi yake kwenye bomba la umma. Ulipo wewe waulize wanaohusika na majitaka, mara nyingi jibu ni rahisi tu na ukishalipata unafanya kazi bila wasiwasi. Vile viyeyusho vya kutolea gundi na rangi visiende kwenye bomba lolote, vingi vinashika moto, vinapelekwa kunakopokelewa kemikali hatari pamoja na vitambaa vyake.

Nyumba yenye septiki, lile tangi la majitaka la nyumbani, ndiyo inayoniumiza kichwa zaidi. Septiki inaishi kwa bakteria na kwa utulivu, uchafu unazama chini, mafuta yanaelea juu, maji ya katikati yanatoka taratibu. Wewe ukimimina lita 200 kwa mpigo umevuruga yote, tope linasukumwa mpaka kule maji yanakonyonywa na ardhi na kupaziba, na kama ulipulizia dawa ya kuua vijidudu umeua na wale wanaofanya kazi. Hapo mimi naondoka na maji yangu, nafunga tangi vizuri naenda kumwaga kwenye mfumo wa mji. Ni mzigo, ndiyo, lakini hayo maji ni yangu mpaka yafike mahali pake.

Kwenye majani je? Kuna sehemu wanaruhusu kidogo, mbali na mitaro na visima, mimi siipendi. Alkali na chumvi zinaharibu udongo, na watoto wanacheza palepale.

Halafu kuna kitu kinapunguza tatizo zima na wengi wanakiruka kwa haraka, kupitisha vakyumu vizuri kabla ya tone la kwanza la maji. Sehemu kubwa ya uchafu wa zulia ni vumbi kavu, likitoka kavu linaishia kwenye mfuko wa takataka na halitagusa maji kabisa. Pita taratibu, pande zote mbili, utaona maji ya tangi yanavyokuwa mepesi, dawa unatumia kidogo, safari za chooni zinapungua.

Na usisahau kwamba maji ya kuoshea tangi lenyewe jioni ni machafu vilevile, lile tope la chini ndilo limejaa kila kitu, lisiishie kwenye mtaro wa nyumbani kwako. Ikitokea yamemwagika nje kwa bahati mbaya usiyafukuze kwa mpira wa maji, ziba kwanza tundu la mtaro kwa taulo au mchanga, kisha washa mashine uyavute, chombo cha kunyonyea maji unacho tayari mkononi.