Nilivyojifunza kuisoma hasira ya timu yangu

Nilipokabidhiwa timu yenye watu wa mataifa mbalimbali, kazi yenyewe haikunitisha. Nyuso zao ndizo zilizonisumbua. Mwenzetu wa kutoka Uholanzi alinipinga waziwazi kikaoni, kisha mlangoni akaniuliza habari za nyumbani kana kwamba hakuna kilichopita. Wa kutoka Japani aliitikia kila pendekezo kwa tabasamu, na kazi yake ikazidi kuchelewa. (Nawasema hawa wawili, si mataifa yao.)

Kilichonizindua ni utafiti wa wanasaikolojia wa Marekani, Paul Ekman na Wallace Friesen, ulioripotiwa mwaka 1972. Wanafunzi wa Marekani na wa Japani walitazama filamu za kuchukiza. Kila mmoja akiwa peke yake, nyuso zilikunjamana karibu sawasawa. Mtafiti alipoketi nao, Wajapani walielekea zaidi kuficha karaha kwa tabasamu. Wasomaji wengi hapo huona utamaduni tu. Mimi nilimwona yule mtafiti: mkubwa aliyemo chumbani. Huenda tabasamu nililolizoea lilikuwa la kunistahi mimi, bosi.

Basi nikaacha kuhudhuria nusu ya kwanza ya vikao vya tathmini. Wanazungumza wenyewe, mmoja anaandika hoja bila majina, halafu ndipo naingia. Manung'uniko yakamiminika, mengine yakinihusu. Vilevile nilimuuliza kila mmoja faraghani: "Ukikasirika, nitajuaje?" Mholanzi akacheka: "Utanisikia tu." Mjapani hakujibu siku ile. Baadaye akaniandikia: "Nikikuuliza tarehe ya mwisho ambayo tayari naijua, ujue nimezidiwa." Tangu hapo swali hilo likija, nampunguzia mzigo kwanza, tarehe baadaye.

Uso wangu mwenyewe ulinipa kazi zaidi. Mwaka 1983 mwanasosholojia Arlie Hochschild aliandika juu ya wahudumu wa ndege wanaolipwa watabasamu na wadai madeni wanaolipwa wakaze uso. Msimamizi wa ngazi ya kati hufanya yote mawili, pengine asubuhi moja. Na cheo hakigawi ruhusa sawa: mkurugenzi akipiga meza husifiwa kwa msimamo, karani akiipiga huitwa kujieleza. Siku hizi nikitoka kugombezwa huko juu, natangaza mapema: "Nimenuna kwa sababu ya bajeti, si kwa sababu yenu." Minong'ono imepungua, ingawa Mholanzi bado huniambia niende nikalale.