Sikio la binti yangu lenye kolesteatoma: vile tulivyokabiliana na maumivu

Wacha nianze na hili kwa sababu hakuna aliyeniambia mapema. Kolesteatoma yenyewe mara nyingi haiumi. Ni ngozi iliyoota mahali sipo, nyuma ya kiwambo cha sikio, inajichubua na ule uchafu wake hauna pa kutokea, basi wajikusanya, wasukuma, unakula vile vimifupa vidogo vya kusikia. Si saratani. Lakini ukiona sikio lenye kitu hicho limeanza kuuma ujue kuna jambo jingine, mara nyingi infeksheni imeingia, na hapo ndipo sisi tulipokuwa tukikesha.

Binti yangu alikuwa na miaka minne. Sikio la kushoto lilikuwa latoa usaha unaonuka, yaani ukimpakata tu waisikia ile harufu, akipewa antibiotiki linakauka kidogo halafu linarudi palepale. Twakaa Kisauni na joto la Machi mwalijua, mtoto jasho linamtiririka, mto umelowa, "Mama sikio lauma, Mama sikio lauma", nyumba nzima haina usingizi.

Kilichosaidia sana usiku ni dawa ya maumivu iliyopimwa kwa kilo zake, si kwa kukisia. Daktari alituambia parasetamoli ni miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo, na yeye alikuwa na kilo 14, kwa hivyo haizidi 210 kwa mara moja. Ile ya maji tuliyokuwa nayo ilikuwa na miligramu 120 kwa mililita 5 (angalieni chupa yenu, si zote ziko sawa) na twapima kwa sirinji, vijiko vya jikoni kila kimoja na ukubwa wake. Saa nne zipite kabla ya kumpa tena, na isizidi mara nne kwa siku nzima. Ikizidi kuuma twaongeza ibuprofeni akiwa ameshakula. Aspirini mtoto hapewi kabisa. Mimi na babake tulikuwa twaandika saa kwenye karatasi ukutani, maana saa tisa ya usiku hakuna anayekumbuka nani alimpa nini.

Tena tulimlaza kichwa kikiwa juu kidogo, mito miwili, sikio bovu likiangalia juu kama halitoi usaha, na kitambaa cha uvuguvugu nje ya sikio. Nje, si ndani. Mama mkwe wangu alikuja na mafuta ya nazi aliyoyachemsha na kitunguu saumu, akaniambia "mwanangu, sisi sote tumelelewa na haya." Nikamwambia, "Mama, haya mpake miguuni, sikioni daktari amekataza, kiwambo kimetoboka." Hakununa. Akakaa kitandani akamkanda nyayo mpaka mtoto akalala, na wallahi kukandwa kule kulimtuliza kuliko vitu vingi nilivyojaribu mimi.

Dawa za matone nazo zina mambo yake. Duka moja la dawa walitaka kuniuzia za jentamaisini, bahati nikapiga simu kwanza nikaambiwa hapana, kiwambo kikiwa kimetoboka hizo zaweza kuharibu sikio la ndani, tumia zile za siprofloksasini alizoandikiwa. Na kabla hujadondosha shika chupa mkononi ipate joto, matone ya baridi yanamzungusha mtoto kichwa akaona nyumba yazunguka, halafu siku nyingine akiiona hiyo chupa tu anakimbilia chini ya kitanda.

Maji ndiyo adui mkubwa. Kuoga ni pamba iliyopakwa mafuta mazito ya kujipaka, na baharini akipelekwa na binamu zake ni maji ya magoti basi, kupiga mbizi hakuna. Alilia sana kwa hilo, kumzuia mtoto wa Mombasa na bahari si kazi ndogo.

Kule kusafishwa sikio kwa kimashine cha kufyonza pia kunatisha, kelele yake iko ndani ya sikio lenyewe. Tulikuwa twampa parasetamoli nusu saa kabla na namweka mapajani, kichwa kifuani, akikataa twangoja kidogo.

Halafu kuna usiku ule maumivu yalibadilika. Homa, hataki kuguswa, na nyuma ya sikio pamevimba mpaka sikio limesukumwa mbele. Hatukungoja asubuhi, tukashika tuktuk tukavuka daraja la Nyali mpaka hospitali ya Makadara, akalazwa akapewa dawa za mshipa. Uvimbe kama huo, ama uso kwenda upande, kizunguzungu, kutapika na kichwa kuuma sana, shingo kukakamaa, hayo si ya kutuliza nyumbani hata kidogo.

Baada ya CT skani akafanyiwa operesheni, wanafungua mfupa wa nyuma ya sikio na kutoa ile kitu yote, dawa peke yake haiwezi kuimaliza. Nilikuwa nimejiandaa kwa maumivu makubwa ila siku za mwanzo ndizo zilizomsumbua, zikapita. Shida ilikuwa kutafuna, krisps zake za muhogo akazisusa, akawa wa uji na viazi vya nazi. Na akawa asema chakula chote kina ladha ya sarafu, nikaogopa, kumbe kamshipa ka ladha kanapita mlemle sikioni na kakiguswa ndivyo inavyokuwa. Kalipoa polepole. Kupenga kamasi marufuku kwa wiki kadhaa, kupiga chafya mdomo wazi, hiyo aliigeuza mchezo.

Sasa sikio la kushoto lasikia kidogo, mwalimu amemkalisha ambapo lile zima lamwelekea yeye. Kwa watoto hii kitu hurudi sana, kwa hivyo karibu mwaka baada ya operesheni daktari ataangalia tena, ama kwa picha ya MRI ama kwa kufungua. Mpaka hapo akisema sikio lauma namuuliza maswali yote, lapigapiga ama lachoma, nionyeshe kwa kidole, nikiligusa walia? Majuzi akashika shavu kabisa analia, moyo ukanipasuka, tayari natafuta viatu. Kumbe ni gego, limeoza na halua.