Siku moja maishani mwangu: fundi wa gesi mjini Goma

Saa 11:30 alfajiri. Kartie yetu huamka pamoja na moshi. Kila parsele (kiwanja) ina babula lake, jiko la mkaa, nje ya mlango, mtoto anapepea makala, mama anasubiri maji yapate moto. Mimi kazi yangu ni gesi: majiko, mitungi, na zaidi ya yote hita za maji za majumbani. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na msimu wa mvua maji ya bomba asubuhi yanauma. Mwenye uwezo ananunua hita. Asiye nao anachemshia maji kwenye babula, na usiku baridi ikizidi analiingiza chumbani na kufunga mlango. Wote wawili nawaambia jambo lile lile: kabla hujawasha moto ndani, jua moshi wake utatokea wapi.

Saa 1:00 asubuhi, Birere, eneo la biashara. Hapa unapata kila kitu, na ndiyo sababu unahitaji macho. Mpira wa gesi nauangalia tarehe iliyochapwa ubavuni, halafu naukunja. Ukionyesha nyufa naurudisha hata kama ni mpya. Detanderi inayopunguza nguvu ya gesi itokayo mtungini lazima ilingane na kibandiko cha hita: kwa butani ni milibari 28 hadi 30, kwa propani 37. Muuzaji atakuambia zote ni sawa. Si sawa.

Bomba la moshi nanunua la inoksi, yaani chuma kisichoshika kutu upesi, ingawa wateja hulalamikia bei. Anayeishi chini ya volkano ya Nyiragongo anajua mabati ya hapa yanavyoliwa na kutu. Moshi wa volkano unachanganyika na mvua, mvua inakuwa na tindikali, na bomba la bati jepesi huanza kutoboka mahali ambapo hakuna mtu anayepaangalia.

Saa 2:30, kartie ya Himbi. Nyumba ya leo ni ya mbao juu ya msingi wa mawe ya lava. Mzee mwenye nyumba ameshanunua hita yake, na ameshachagua pa kuifunga: bafuni, juu ya beseni, ili maji yasipoe njiani. Bomba la moshi pia amenunua, ananionyesha kwa furaha. Ni PVC ya choo, bomba la plastiki la milimita 110, na kweli inaingia kwenye kola ya hita, ule mdomo wa kutolea moshi, bila kulegea hata kidogo.

Nililiweka bomba lile chini, nikamwomba tuketi. Moshi wa hita kama hii huzidi nyuzi 100. PVC huanza kulainika hata kabla ya nyuzi 80. Siku chache tu na bomba litapinda kwenye kona, litafungua kiungo chake, na moshi wote utabaki ndani. Halafu bafu lenyewe ni dogo, mlango unafungwa, dirisha halifunguki. Hita inakula hewa nyingi: lita 1 ya propani iliyokuwa gesi inahitaji karibu lita 24 za hewa ili iungue sawasawa. Hewa ikipungua, moto hauzimiki mara moja. Unaendelea kuwaka vibaya, na hapo ndipo inapotoka monoksidi ya kaboni, gesi yenye sumu.

Mtu wa Goma hahitaji kufundishwa kwamba hewa inaweza kuua. Mazuku tunayajua tangu utotoni: kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, inatulia mashimoni upande wa Kyeshero na Mugunga, na mbuzi akishuka humo asubuhi hapandi tena. Kwa hiyo nikimweleza mteja kwamba gesi ya mtungi nayo ni nzito, kwamba ikivuja hutambaa sakafuni na kujaa mabondeni, ananielewa papo hapo. Mzee wa leo alinisaidia mwenyewe kuchagua mahali pa mtungi: nje, umesimama wima, juu ya saruji, mbali na lile shimo la lava nyuma ya jiko.

Lakini monoksidi ya kaboni haina tabia ya mazuku. Uzito wake unakaribia sana ule wa hewa, inapanda na joto, inasambaa chumba kizima. Haina rangi wala harufu. Ile harufu kali ya gesi ya mtungi imewekwa makusudi ili tugundue uvujaji, na ikishaungua haipo tena. Ndani ya mwili inashika damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Nilipomuuliza mzee kama huwa wanalala na babula ndani, alijibu bila wasiwasi, “Fundi, kitanda chetu kiko juu.” Ni jibu la mtu mwenye akili aliyejifunza mazuku vizuri. Nalisikia mara nyingi, na kila mara linanitia hofu, kwa sababu kitanda kirefu hakimkingi mtu na hewa hii.

Tukakubaliana: hita itafungwa ukutani kwenye kibaraza cha kufulia nyuma ya nyumba. Maji yatasafiri mita chache zaidi. Mzee akamwita mkewe, naye akasema hilo ndilo alilotaka tangu mwanzo.

Saa 4:00 hadi saa 7:00. Kazi yenyewe. Kibaraza kina paa na kuta tatu, kwa hiyo bomba la moshi bado ni lazima. Kijana wangu anashika ngazi, mimi napima. Bomba linapanda wima nusu mita hivi kabla ya kukunjwa, maana moshi unahitaji kushika mwendo kwanza. Sehemu inayolala lazima iendelee kupanda, angalau sentimeta 2 kwa kila mita. Ikilala kabisa, au mbaya zaidi ikiinama, mvuke unageuka maji na kurudi kwenye hita. Upana haupunguzwi popote: kola ni milimita 110, basi ni 110 hadi juu. Kwa kuwa ukuta ni wa mbao, naacha sentimeta 15 kati ya bomba na mbao, na pale linapopenya nazungushia bati lenye nafasi ya hewa. Juu linazidi paa kwa zaidi ya nusu mita, lina kofia, na liko mbali na dirisha la watoto.

Kuna jambo moja la mwinuko ambalo mafundi wengi hapa hawalitaji. Hewa yetu ni nyepesi. Kanuni za Marekani kwa vifaa vinavyovuta moshi kwa mkondo wa asili zinataka uwezo upunguzwe kwa asilimia 4 kwa kila mita 300 hivi, kuanzia usawa wa bahari, mahali palipozidi mita 600. Kwa Goma ni karibu asilimia 20: hita iliyoandikwa kilowati 20 tuihesabu 16. Nabadilisha jikleri, vile vitundu vya kupitishia gesi motoni, kwa zile ambazo mtengenezaji ameziweka kwa miinuko. Sizitoboi wala kuzibana mwenyewe.

Saa 7:30. Ugali, sombe na sambaza. Mama mwenye nyumba hakukubali tule nje.

Saa 8:15 mchana. Majaribio. Kwanza viungo vyote vya gesi napaka povu la sabuni na kusubiri. Kiungo cha pili kikatoa kipovu kidogo sana, kama punje ya mtama, kikakua polepole, kikapasuka, kikaanza tena. Nikakaza, nikapaka upya, kikatulia. Fundi anayepima uvujaji kwa kiberiti simruhusu kugusa kazi yangu.

Kisha nawasha. Moto ni wa buluu, umesimama, haurukiruki. Baada ya dakika 5 nasogeza kioo cha mkononi kwenye mdomo wa kofia ya hita, pale moshi unapoingia bombani. Kioo kikipata ukungu, moshi unarudi nyuma. Nikampa mzee akishike yeye. Akakiangalia, akakipangusa kwa shati, akakirudisha, akasubiri tena. Kilibaki kikavu. Nikamwachia kioo hicho.

Saa 10:00. Mvua, na simu kutoka kartie ya Katindo. Mama mmoja ananiambia hita yake “inanuka masizi”. Nikamuuliza afya za nyumbani. Akasema watoto wote wana kichwa na kichefuchefu tangu juzi, wamekunywa dawa ya malaria. Wakienda shule wanapata nafuu. Nikamwambia zima hita sasa hivi, fungua milango yote, tokeni nje, nakuja.

Nilikuta uso wa hita mweusi, na tundu la hewa chini ya mlango limezibwa kwa gunia kwa ajili ya mbu. Bomba la moshi liliishia ndani ya dari. Yaani moshi ulikuwa unamwagwa juu ya vyumba vya kulala. Nikafunga gesi mtungini, nikaondoa detanderi, nikambebea mama mtoto mdogo mpaka pikipiki, waende kituo cha afya. Nilimsisitizia aseme wazi kwamba ni moshi wa gesi, maana kile kifaa cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni iko sawa hata damu ikiwa imejaa sumu hii.

Saa 1:30 usiku akanipigia: wamewekewa oksijeni, mdogo ameomba chakula. Kesho saa 2:00 narudi Katindo na bomba la inoksi na wavu wa mbu wa kuweka kwenye lile tundu. Hadi hapo wataoga maji ya sufuria, yaliyochemshiwa nje, uani.