Jinsi tulivyoingiza afya ya akili kwenye mpango wa tabianchi

Miezi minne baada ya mafuriko nilimkuta mzee mmoja amening'iniza mfuko wa nailoni kwenye msumari, kando ya mlango. Ndani mlikuwa na vyeti vya wajukuu, tochi na dawa zake za presha. "Mwanangu, wingu likitanda tu, mimi silali," akaniambia. Nyumba yake ilikwisha kujengwa upya, na kwenye ripoti alihesabiwa miongoni mwa waliosaidika.

Nikaichukua rasimu ya mpango wa taifa wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi, nikaisoma yote. Mitaro imo, mbegu zimo, malaria na kipindupindu vimo. Afya ya akili haikutajwa popote. Wala hatukuwa peke yetu: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizichunguza nchi 95, zikaonekana 9 tu zilizoiingiza kwenye mipango yao ya afya na tabianchi.

Kikao cha kwanza cha wadau nilikwenda na hotuba. Watu walisikitika kwelikweli, kisha ofisa mmoja akaniuliza kwa upole, "Sasa dada, tuandike nini?" Sikuwa na jibu.

Nilirudi na jedwali. Rasimu ilikuwa na safu nne: hatua, mhusika, fedha, kiashiria. Nikazijaza hizohizo. Hatua ilikuwa kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii huduma ya kwanza ya kisaikolojia, yaani kutazama, kusikiliza na kumuunganisha mtu na msaada. Fedha sikuomba mpya; niliomba siku moja iongezwe kwenye mafunzo ya maafa ambayo tayari yalikuwa na fungu. Kiashiria ndicho kilichoninyima usingizi. Niliandika "idadi ya waliofundishwa", nikakifuta, maana mhudumu anaweza kufundishwa na asimfikie mtu hata mmoja. Tukaandika: idadi ya waathirika waliotembelewa tena mwezi wa tatu na wa sita baada ya maafa, wakaulizwa kuhusu usingizi, hofu na kazi zao.

Ubishi ulikuja: hilo ni la Wizara ya Afya. Niliwaonyesha ripoti ya 2022 ya IPCC, jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, inayosema kwa uhakika wa juu sana kwamba mabadiliko ya tabianchi yameathiri afya ya akili katika maeneo yaliyotathminiwa. Lakini kilichowatuliza zaidi ni azimio la tabianchi na afya la COP28, mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa, Dubai, Desemba 2023. Limeungwa mkono na nchi zaidi ya 120, na afya ya akili imetajwa humo.

Mstari wetu ukapita, na siku ya mafunzo ikakubaliwa. Ziara ya mwezi wa sita ikakatwa. Bado naidai kwenye mapitio yajayo, maana mzee yule nilimkuta mwezi wa nne, na mfuko ulikuwa bado msumarini.